Muulize Fundi: Z650 inanikaa, lakini MT-07 inaniita

Shikamoo Fundi,

Mimi ni msichana wa miaka 29. Kwa miaka minne nimeendesha pikipiki ya cc 150, kila siku ya kazi, mvua na jua. Sasa nimejichanga na nataka kupanda daraja. Napenda pikipiki za wazi, zisizo na kava mbele, zile unazoiona injini yote. Nimezunguka hadi nimebakiwa na mbili, zote zimeshatumika: Yamaha MT-07 ya mwaka 2018 na Kawasaki Z650 ya mwaka 2020. Zote zina ABS (breki zisizoacha tairi lifunge na kuteleza), zote zinaonekana kutunzwa, na wenyewe wanataka hela inayokaribiana, kwa hiyo bei hainisaidii kuamua.

Tatizo langu ni urefu. Nina sentimita 160, na sehemu kubwa ya hizo iko juu ya kiuno. Z650 nilipoikalia niligusa chini vizuri, nyayo za mbele kwa miguu yote miwili. MT-07 niligusa kwa vidole tu, na nilipofika taa nyekundu moyo ulinidunda. (Siku ya MT-07 nilikuwa nimetoka kazini na viatu bapa. Z650 niliijaribu Jumamosi, nikiwa na buti zangu.)

Jingine, viganja vyangu ni vidogo. Kwenye MT-07 nilikuwa nashika mkono wa klachi kwa ncha za vidole. Ule wa breki una kirekebishi, wa klachi sikukiona. Baada ya dakika ishirini kwenye foleni mkono wa kushoto ulishachoka. Na kila nikifunga mafuta halafu nikifungua tena kwenye gia ya kwanza, pikipiki inashtuka kama imepigwa teke. Z650 haikunifanyia hivyo hata mara moja.

Basi si nichukue Z650 yaishe? Ndiyo shida yenyewe. Nilipotoka kwenye foleni na MT-07 nikapata barabara wazi kidogo, nikaweka gia ya tatu, nikafungua mafuta, Fundi, sijui nikuelezeje. Ule mlio na ule mvuto wa kutoka chini. Z650 ni nzuri, lakini haikunifanya nicheke ndani ya helmeti.

Kaka yangu anasema Z650 ni pikipiki ya kujifunzia na nitaichoka ndani ya miezi sita. Njia yangu ya kazini ni kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, karibu yote foleni. Mara moja au mbili kwa mwezi nasafiri kama kilomita 200 na mdogo wangu wa kike nyuma. Nifanyeje?

Mimi Mpanda Mfupi

———

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu. Umelia kuhusu urefu aya nzima, halafu ndani ya mabano ukapitisha kwamba siku ya Z650 ulivaa buti na siku ya MT-07 ulikuwa na viatu bapa. Kiti cha MT-07 kiko milimita 805 kutoka ardhini, cha Z650 milimita 790. Tofauti ni milimita 15, haizidi upana wa kidole changu gumba. Hebu chukua rula sasa hivi upime kisigino na soli ya buti zako. Nina hakika buti limekula tofauti yote na chenji ikabaki.

Tena ile namba ya kiti hupimwa pikipiki ikiwa haina mtu juu. Ukikaa, springi zinashuka, na springi za MT-07 zinajulikana kwa ulaini, hata hizo za 2018 ambazo Yamaha walizikaza kidogo kuliko za mwaka 2014 ilipotoka mara ya kwanza. Kuna na upana wa kiti pale mapaja yanapopita: kiti kipana huifanya miguu ichukue njia ndefu kufika chini. Ndiyo maana watu wawili wenye urefu mmoja hukalia pikipiki moja na kila mmoja akaleta habari yake.

Pima miguu yako kwanza, urefu wa mwili hautakuambia kitu. Simama umeegemea ukuta bila viatu, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, kipandishe mpaka kikubane kama kiti kingekubana, weka alama ukutani, pima mpaka sakafuni. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na 805 na 790. Halafu ukumbuke kwamba kwenye taa nyekundu huhitaji miguu yote miwili chini. Unahitaji mmoja uliokaa sawasawa, wa kushoto, huku wa kulia uko juu ya breki. Sogeza nyonga kidogo upande wa kushoto, unapata sentimita kadhaa za bure.

Mimi si mfupi, na niliwahi kuiangusha pikipiki ya kilo mia mbili ikiwa imesimama kabisa. Nilishusha mguu, wayo wote ukafika chini, ila ukafika juu ya kokoto zilizomwagika kwenye lami. Mguu ukateleza kuelekea nje, pikipiki ikalala juu yangu polepole, nikiiangalia, na watu wakiniangalia mimi. Tangu siku hiyo nikikaribia kusimama naangalia kwanza mahali mguu utakapokanyaga. Tabia hiyo itakufaa kuliko milimita 15.

Kwa hiyo suala la miguu tuliweke pembeni. Lililonishtua mimi ni mkono wako wa kushoto, ambao umeutaja kwa mistari mitatu tu.

Hesabu nawe. Kilomita 28 kwa siku, karibu zote foleni. Huko klachi unaivuta mara mia ngapi? Klachi ya MT-07 si nzito. Kosa lake kwako ni kwamba iko mbali. Mtu mwenye vidole virefu anaivuta kwa pingili ya katikati, mahali penye nguvu. Wewe unaivuta kwa ncha, na ncha ya kidole haina nguvu, inachoka, na ikichoka inaiachia klachi ghafla. Sasa rudi kwenye lile teke ulilolilalamikia. Nusu ya teke lile huenda ni mkono wako kushindwa kuiachia klachi taratibu. Z650 ina virekebishi kwenye mikono yote miwili, wa klachi na wa breki, hatua tano kila mmoja, na klachi yake ni ya aina inayojisaidia: wakati wa kuvuta ni nyepesi, na ukishusha gia kwa pupa inateleza kidogo ili tairi la nyuma lisirukeruke. Kwa mtu wa foleni mwenye viganja vidogo hicho si kipambo.

Nusu ya pili ya teke iko kwenye mafuta na cheni. MT-07 za miaka ile zinajulikana kuwa kali pale unapotoka kwenye mafuta yaliyofungwa kabisa kwenda kwenye yaliyofunguliwa kidogo. Cheni ikiwa imelegea, ule ulegevu unakuja kukusanyika wote mara moja, nawe unausikia kiunoni. Kwenye mkono wa nyuma unaoshika tairi kuna stika yenye kipimo cha ulegevu. Mwombe mwenye nayo muipime pamoja. Ukikuta imelegea kupita kipimo, ikazwe, kisha ujaribu tena ukiwa gia ya pili badala ya ya kwanza, na breki ya nyuma umeigusa kidogo tu. Ikiendelea kupiga teke hata hapo, basi ndiyo tabia yake na utaishi nayo.

Sasa tuje kwenye kicheko cha ndani ya helmeti, maana sitaki ufikiri nakudharau.

Pikipiki zote mbili zina silinda mbili zilizopangwa sambamba, na kwa mbali ungedhani injini ni zilezile. Tofauti iko kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ya mipigo minne humaliza kazi yake kwa mizunguko miwili ya krenki, yaani nyuzi 720. Kwenye Z650 pistoni mbili zimepangwa kwa nyuzi 180, moja ikipanda nyingine inashuka. Milipuko miwili inafuatana kwa karibu, nyuzi 180, halafu kuna kimya cha nyuzi 540. Kwenye MT-07 krenki imekatwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo mlipuko wa pili unakuja baada ya nyuzi 270 na unaofuata baada ya 450. Mpangilio huo ndio wa injini ya V, ile ambayo silinda zake mbili zimetanuka kama herufi V, yenye pembe ya nyuzi 90, kama ya Suzuki SV650, na ndiyo maana MT-07 inanguruma kama V ingawa haina V yoyote. Ule mdundo unaokuja kama hatua za mtu anayechechemea kwa madaha, ndio uliokuchekesha.

Na mvuto wa kutoka chini nao si ndoto yako. MT-07 ina cc 689, Z650 ina 649. Pistoni ya MT-07 inasafiri milimita 68.6, ya Z650 inasafiri 60 tu. Kwa karatasi, MT-07 yako inatoa nguvu za farasi kama 75 na Nm 68 (hiyo Nm ni kipimo cha nguvu ya kusokota, yaani mvuto), Z650 farasi 68 na Nm 64. Namba hizo zinakaribiana kuliko unavyozisikia ukiwa barabarani. Na MT-07 ni nyepesi: kilo 182 ikiwa na ABS na tangi limejaa, Z650 ni 187. Kilo tano ni sawa na kama lita saba za petroli, kwa hiyo Z650 yenye nusu tangi na MT-07 iliyojaa mpaka mdomoni ziko karibu sawa. Usiogope uzito wa yoyote kati ya hizo mbili.

Kaka yako mwambie nimemsalimia, na umuulize ameiendesha Z650 kwa kilomita ngapi. Pikipiki ya cc 150 kwa kawaida ina farasi kati ya 12 na 19. Unakwenda kwenye 68. Ukiichoka hiyo ndani ya miezi sita, kwenye foleni, basi hata MT-07 utaichoka, na ile ya cc 1000 nayo utaichoka. Wapo wapanda pikipiki wa miaka ishirini wanaosafiri kwa Z650, na kabla yake kwa ER-6n iliyoizaa, na hawajamaliza alichonacho mnyama huyo.

Nikisema wewe ungekuwa mtu wa barabara kuu, peke yako, kilomita nyingi na kona za kutosha, ningekuambia chukua MT-07, ubadilishe mkono wa klachi uweke mfupi wenye kirekebishi (unapatikana na fundi anaufunga ndani ya dakika chache), ukaze cheni, ufurahi. Lakini wiki yako umeniandikia mwenyewe. Siku tano ni foleni, chini ya kilomita 40 kwa saa, gia ya kwanza na ya pili, klachi, breki, klachi, breki. Utamu wa MT-07 unaanza pale njia yako ya kazini inapoishia. Utailipia mkono na mishtuko kila asubuhi ili ufaidi siku mbili kwa mwezi.

Na hizo siku mbili hauko peke yako. Kiti cha abiria ni kidogo kwenye zote mbili, tusidanganyane, zimetengenezwa kwa mtu mmoja mwenye ubinafsi. Kwa kilomita 200 mdogo wako atataka kushuka anyooshe miguu zaidi ya mara moja, uchukue hii au ile. Ila ukibeba mtu, ule ulaini wa MT-07 unaonekana: mbele inazama ukishika breki, nyuma inakaa chini, taa inaangaza matawi ya miti. Springi ya nyuma inaweza kukazwa kwa spana yake kwenye zote mbili, na uikaze kila anapopanda. Z650 inatulia zaidi, na ina diski za mbele za milimita 300 dhidi ya 282 za hiyo MT-07 ya 2018. Yamaha walikuja kuziongeza hadi 298 mwaka 2021. Breki za MT-07 zinatosha. Za Z650 zinakupa ziada kidogo siku mko wawili na mizigo.

Kuna na tairi la nyuma. MT-07 inavaa 180, Z650 inavaa 160. Lile pana linapendeza kwa macho, jembamba linalala kwenye kona kwa wepesi na kwa kawaida halikugharimu sana siku ya kulibadilisha. Tangi ni lita 14 kwa 15, hapo hapana ugomvi. Dashibodi ya Z650 ya 2020 ni ya rangi na inaongea na simu. Utaipenda wiki moja.

Kitu kimoja ambacho zote hazina: mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisizunguke bure ukifungua mafuta kwenye utelezi. Z650 waliupata 2023 na MT-07 wakachelewa hadi toleo la 2025. Kwa hiyo siku ya mvua mfumo ni mkono wako wa kulia. Unatoka kwenye pikipiki ambayo hata ukifungua mafuta yote kwenye lami iliyolowa haikufanyi kitu, hizi zitakufanya. Wiki mbili za kwanza fungua kama unaminya embe lililoiva.

Kabla hujatoa hela, jambo ambalo wengi hawalijui. Pikipiki hizi mbili ziliuzwa Ulaya pia zikiwa zimebanwa, yaani nguvu zimepunguzwa, hadi kilowati 35 kwa ajili ya leseni ya A2, ile ya wasiofikia leseni kamili, na Australia kuna MT-07 ya wanaoanza yenye injini ya cc 655 badala ya 689. Kwa nje hutaona tofauti. Kwa jinsi ulivyonielezea ile gia ya tatu sidhani kama uliyojaribu imebanwa, ila Z650 sina hakika, na inawezekana ndiyo sababu haikukuchekesha! Soma makaratasi, ulizia ilikotoka, linganisha namba ya fremu.

Fika bila kupiga simu kwanza kama unaweza, au mwambie mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini imepashwa. Pitisha kidole nyuma ya nguzo za mbele, chini kidogo ya sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Kikitoka na oili, sili zimekwisha. Angalia meno ya spoketi ya nyuma, yakipinda kama ndoano za samaki, cheni na spoketi zote zinataka kubadilishwa. Na kwa kuwa hizi hazina kava, zikianguka zinaandika zenyewe: ncha za hendo (usukani), ncha za mikono ya breki na klachi, vikanyagio, kifuniko cha ubavu wa injini. Hivyo vinabadilishwa kirahisi, muuzaji mjanja atakuwa ameshavibadilisha. Asichokumbuka ni kile kizuizi kidogo cha chuma chini ya shingo ya fremu kinachosimamisha hendo ikigeuzwa mpaka mwisho. Piga magoti, washa tochi ya simu. Kikiwa kimebonyea au rangi yake imekatika upande mmoja, pikipiki ilianguka kwa nguvu, na hapo aga uondoke, iwe ni Yamaha au Kawasaki.

Basi neno langu ni Z650, ikiwa haijabanwa na kizuizi chake ni kizima. Najua ulitamani niseme ile nyingine. Ndiyo maana sitaki uifute MT-07 kabla hujairudia mara moja zaidi: buti zilezile ulizovaa Jumamosi, cheni imepimwa, gia ya pili kwenye foleni, nusu saa nzima. Ukishuka na mkono wa kushoto haujachoka, nitakula maneno yangu na wewe chukua unachokipenda. Ukishuka unaukunjakunja na kuukunjua, unajua la kufanya.

Na mdogo wako umchukue siku hiyo, naye avae viatu vyake vya safari. Mwache akae nyuma kwenye zote mbili, uende naye hata kilomita tano, halafu umuulize yeye kwanza kabla hujanena kitu.

Fundi